Wazo Moja, Mawazo Mengi

Hotuba ya mwalimu mstaafu wa Kiswahili mbele ya wanafunzi waliomaliza kidato cha sita na wazee wao, kisiwani Pemba

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mwalimu mkuu, walimu wenzangu, wazee wenzangu, na nyinyi wanangu mliokaa mbele: ahsanteni kwa kuniita. Nimesomesha Kiswahili miaka 31, na takriban kila mwaka nimekaa kwenye shughuli kama hii nikiwasikiliza wageni wakiwahimiza vijana wasome kwa bidii. Nyinyi mitihani mmeshafanya. Makaratasi yameshafungwa, yameshavuka bahari, na bidii yoyote mtakayoifanya leo haiwezi kubadilisha hata nukta moja. Kilichobaki ni kungoja. Mmemaliza Mei, matokeo tumezoea kuyasikia Julai, na katikati hapo kuna usiku mwingi sana.

Mwalimu mkuu aliniomba nizungumzie utulivu wa moyo. Mume wangu aliposikia alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Anayenijua anajua kuwa mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utotoni. Marehemu mama yangu akisema mimi naanua nguo jua likiwa utosini, kwa kuogopa mvua ya kesho. Basi msinisikilize kama mtu aliyekwisha kufika. Nisikilizeni kama mtu anayeijua njia kwa sababu kila shimo lake ameshaangukia.

Nianze na lugha, maana ndiyo kazi niliyoizoea.

Mtu akikwambia, "Nina wazo," unamsogelea. Unataka kusikia. Akikwambia, "Nina mawazo," unamshika bega, unamuuliza: pole, kuna nini nyumbani? Neno ni lile lile. Ngeli ya LI-YA, wazo, mawazo, kama jicho na macho, jino na meno. Kitabu cha sarufi kitakwambia la pili ni wingi wa la kwanza, kisha kinapita. Mimi sikuweza kupita. Nimeliandika neno hili ubaoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara najiuliza waliotuachia lugha hii waliona nini. Lilipokuwa moja lilikuwa neema. Limeongezeka, limekuwa maradhi.

Tena tazameni neno kutunga. Mvuvi anatunga samaki. Msichana anatunga shanga. Malenga anatunga shairi. Na mtu akileta habari za uongo tunasema hizo amezitunga. Sasa niambieni, kuna mtunzi gani hodari kuliko mtu mwenye wasiwasi? Mtoto amechelewa nusu saa kurudi chuoni. Mama amesimama mlangoni, na tayari ameshatunga: kuna gari, kuna kisima, kuna mbwa, kuna mtu asiyemjua. Wahusika anao, mandhari anayo, kilele anacho, ameshafika mpaka kwenye khitma na nani atapika. Mtoto anaingia na embe mkononi, anauliza chumvi iko wapi.

(Kina mama mnacheka. Cheka, lakini mnajijua.)

Kwa hiyo nikiwaambia kwamba ubunifu ni dawa ya wasiwasi, msidhani nazungumzia watu wa aina mbili, wabunifu kule na wenye hofu huku. Chungu ni kimoja. Akili inayoweza kumzika mtoto aliye hai ndiyo hiyo hiyo inayoweza kusuka mkeka, kutunga utenzi, kuchonga ngalawa. Aliyejaaliwa wasiwasi mwingi amejaaliwa pia nguvu nyingi ya kubuni, ila anaipikia sumu. Mimi nimekuwa mpishi wa aina hiyo kwa muda mrefu, na nataka kuwasimulia siku nilizobadilisha kilichomo chunguni.

Miaka kadhaa nyuma mwanangu wa kiume alikwenda Muscat kutafuta kazi. Hapa sina haja ya kueleza. Sidhani kama ukumbini humu kuna nyumba isiyo na mtu wake Oman, wa zamani au wa juzi. Alikuwa akinipigia kila Ijumaa baada ya sala. Ijumaa moja hakupiga. Nikasema ni kazi. Ya pili hakupiga. Nikampigia mimi, simu haipatikani. Nikaanza kutunga.

Siku ya kwanza nilimtunga mgonjwa. Siku ya pili nikamtunga amefungwa, kwa kosa nililolibuni mwenyewe, na hakimu nikampa hadi sura na ndevu. Siku ya tatu nikamtunga chini ya gari. Kufika siku ya saba nilikuwa nimeshamzika mara nne, na mara zote sikuwahi mazikoni kwa sababu ya viza. Chakula hakipiti. Usiku nasikia simu inalia, naamka, haikulia. Nasali, nikishatoa salamu sikumbuki nimesali rakaa ngapi. Mniwie radhi kwa kulisema hili hadharani. Nalisema kwa kuwa najua simo peke yangu.

Watu walikuja kunipa pole, Mungu awalipe. Kila mmoja alikuja na kisa cha mtu wake aliyepotea. Wakiondoka naongeza wahusika.

Ndipo akaja jirani yangu, bibi mmoja mtu mzima kuliko mimi, hakukaa darasani hata siku moja. Alikuja magharibi, na fungu la miyaa kwapani. Hakunipa pole. Alinibwagia lile fungu mapajani akasema, "Mwalimu, nina mkeka wa harusi ya mjukuu wangu, na macho yangu siku hizi hayanisaidii. Nisukie ukili, pima kumi."

Nikamwambia, bibi, mimi kama unavyoniona hapa nina mawazo.

Akasema, "Mawazo si yamo kichwani? Mimi nimekuja kuazima mikono."

Kwa nyinyi vijana mnaolalia magodoro na kukalia mikeka ya plastiki, niacheni niwaelezee. Mkindu ni mtende wa porini, na ukindu ni yale majani yake machanga, ambayo hayajafunguka. Yanakatwa, yanaanikwa mpaka yanapauka rangi ya pembe, kisha yanachanwa kwa upana mmoja yakawa miyaa. Inayotakiwa rangi inachemshwa na rangi ya unga. Miyaa ndiyo inayosukwa ukawa ukili, utepe mrefu usiozidi upana wa kiganja, na ukili ndio unaoshonwa ubavu kwa ubavu mpaka ukawa mkeka. Pima moja ni urefu wa mikono miwili ikinyooshwa. Pima kumi si mchezo.

Nilijifunza kusuka utotoni kama wasichana wote wa rika langu, na nikaacha nilipopata ajira, kwa kiburi kidogo, nisiwafiche. Niliona kusuka ni kazi ya waliokosa skuli. Sasa vidole vilikuwa vimesahau. Usiku ule nilisuka shibiri mbili, nikafumua moja na nusu.

Ukisuka ukili, macho yanataka kuwepo pale. Muyaa huu unapita juu, huu chini, huu juu, na kila baada ya muda mfupi mmoja unakuwa mfupi, lazima uingize mwingine kabla mwenzake hajamalizika, uuingize palipojificha. Ukiruka mmoja huoni sasa hivi. Utaona baada ya shibiri nzima, ua limepinda, na huna budi kufumua mpaka ulipokosea. Nilipokuwa nafumua ndipo nilipofahamu jambo. Ukili unafumuka. Ukikosea, kosa liko pale, unaliona, unarudi nalo nyuma vidole kwa vidole. Yale niliyokuwa nikiyatunga usiku hayana pa kufumulia. Ukishamtia mwanao chini ya gari, humtoi; unaongeza tu gari la pili.

Hofu haikuniondokea, nataka hili lifahamike. Nilikuwa na hofu siku zote zile. Lakini mtunzi wake alikuwa na kazi nyingine. Alikuwa anahesabu juu, chini, juu. Nilianza kula, kidogo. Usiku wa nne nililala mpaka adhana ya alfajiri, na nilipoamka miyaa ilikuwa bado imo vidoleni.

Siku ya kumi na tisa simu ililia. Nambari siijui. Ni yeye. Simu yake iliingia maji, tena walikuwa wamehamishiwa kazini mbali na mji, na namba yangu haijui kwa kichwa. Nani siku hizi anajua namba ya mama yake kwa kichwa? Nimekuulizeni, anyooshe mkono anayeijua. Mmoja. Wawili. Nyie wengine leo mkirudi nyumbani mkaihifadhi.

Asije mtu akatoka hapa akasema mwalimu anadai kusuka kumerudisha mtoto. Angepiga siku ile ile hata kama ningelia mfululizo. Ila ningelia ningebaki na macho mekundu, na mimi nilibaki na pima nane za ukili. Bibi nilimpelekea kwa aibu, maana mbili zilikuwa bado, na hizo nane hazikuwa sawa. Akazipitisha baina ya vidole, akatabasamu, akasema, "Huu ulalie mwenyewe."

Harusi ilipofika nilikwenda kuukagua mkeka wa bibi harusi. Niliinama karibu nikaupekua. Ukili wote mkono mmoja, laini, safi, haukupinda hata mahali pamoja. Ulikuwa mkono wake. Yule bibi macho yake yanaona mpaka leo. Anatia uzi kwenye sindano bila miwani.

Nilipokuwa darasani niliwahi kusomesha habari za Mwana Kupona binti Mshamu mara nyingi, wala sikuwahi kuziunganisha na haya mpaka baada ya kisa hiki. Wanafunzi wa fasihi mnamjua. Mwanamke wa visiwa vya Lamu, mke wa Sheikh Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na Seyyid Said wa Zanzibar. Mumewe alifariki 1856. Mwaka 1858 mjane huyu ni mgonjwa, maradhi yamemkaa mwaka mzima, na ana binti anayeona atamwacha. Sasa mwenye mtoto wa kike hapa ajiweke katika nafasi ile. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hapo pana mawazo ya kutosha kumzika mtu kabla ya siku yake.

Alikaa akatunga. Alimtungia binti yake utenzi wa wasia, kwa hati za Kiarabu kama walivyoandika wazee wetu, na baada ya miaka miwili hivi akafariki. Yaliyomo tunayajua, na mengine, hasa yale ya namna ya kumtumikia mume, nina ugomvi nayo wa muda mrefu, lakini huo tuuache kwa siku nyingine maana baba zenu wako hapa. Leo nataka tuhesabu tu. Utenzi wenyewe una beti 102. Kila ubeti una vipande vinne, na kila kipande mizani nane, yaani silabi nane. Wa hesabati, fanyeni. Vipande 408. Mizani 3,264. Na vipande vyote vya mwisho vinatakiwa viishie kina kimoja, kutoka ubeti wa kwanza mpaka wa mia na mbili.

Jaribuni nyumbani. Kaa na jambo linalokutisha, kisha useme utaliandika kwa mizani nane. "Naogopa nitafeli." Hesabu: na-o-go-pa-ni-ta-fe-li. Nane! Imetimia, lo, hofu nayo inajua arudhi, sheria za shairi. Sasa tafuta kipande cha pili chenye kina cha "li". Ukishaanza kutafuta, mali, hali, mbali, asali, kuna kitu kimeshabadilika ndani yako. Ile sentensi ilikuwa imekukalia juu ya kifua. Sasa iko mezani mbele yako, unaizungusha unaitazama kama seremala anavyotazama ubao. Unaona ina mizani ngapi. Pengine unaona haikuwa kweli yote. Pengine ilikuwa kweli, lakini ina mwanzo na mwisho, mizani nane basi.

Mama yule alihesabu mizani 3,264 huku anaumwa. Mimi naamini, na hapa nasema imani yangu, kwamba hakuwa akimuusia binti peke yake.

Najua wazee wengine mmeshaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Mnasema: Mwalimu, mimi nadaiwa dukani, na karafuu mwaka huu hazikuzaa vizuri, wewe unaniambia nikasuke ukili? Mna haki. Dawa ya deni ni kulipa, wahenga hawakusema dawa ya deni ni kushona kofia. Shida yenye mlango, ingilia mlangoni. Deni lina mdai, nenda kazungumze naye. Ugonjwa una daktari. Na wasiwasi wenyewe ukifika pale ambapo mtu hali, halali, haogi, wiki zinapita, au anazungumzia kutotaka kuishi, hapo msimletee miyaa. Mshikeni mkono mwende hospitali, na asipelekwe peke yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi ya moyo ni maradhi.

Mimi nazungumzia kile kipande kinachobaki. Umeshazungumza na mdai, mmekubaliana mwezi ujao. Umeshafanya mtihani. Umeshatoa damu, vipimo vinatoka Alhamisi. Baina ya hapo na Alhamisi hakuna unachoweza kufanya, na akili haijui kukaa bila kazi. Ndicho kipande hicho.

Halafu kuna wanaosema wao si wabunifu. "Mimi sina kipaji, mwalimu." Hili huwa linanikera kidogo, samahani. Nani aliwaambia tunazungumzia kipaji?

Kuna mtu aliitwa Edward Saidi Tingatinga. Vijana mkisikia tingatinga mnafikiria trekta. Huyu ni mtu, wa Tunduru, alizaliwa 1932. Alipita mashamba ya mkonge Tanga, akaingia Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani na za bustani kwenye nyumba za wenye nafasi. Mwaka 1968 hivi akaanza kuchora. Turubai hana, rangi za wasanii hana. Alichukua mbao za dari, zile nyepesi za mraba, na rangi ya kupakia baiskeli, inayong'aa. Akachora wanyama na ndege anaowajua yeye, na wakauzwa pale Morogoro Stores, Oyster Bay. Alifariki 1972. Hesabu miaka: minne tu. Leo ukipita Mji Mkongwe, maduka ya watalii yamejaa tembo na twiga wa mtindo wake, na jina la baba huyu limekuwa jina la uchoraji wenyewe.

Siwaambii kwamba alikuwa na moyo mtulivu. Hilo anajua Mola wake. Nawaambia kwamba hakungoja rangi ya kweli. Sisi tunangoja. Tunasema nikipata cherehani, nikipata kompyuta, nikipata chumba changu. Wasiwasi hauna tabia hiyo. Wasiwasi unaanza kazi gizani, bila kalamu, bila karatasi, bila hata kujikuna.

Na mtengeneze chochote. Wavulana, kofia si kazi ya wanawake, mnajua wenyewe barazani nani anashona. Mwenye sindano na kitambaa cheupe ana kazi ya wiki kadhaa. Mwingine apike kitu ambacho hakuwahi kukipika, aharibu, arudie. Mwingine afungue redio mbovu ya babu aone imekufa kwa nini. Sharti langu ni moja tu: pawe na kitu cha kuonekana ukimaliza, hata kibaya. Kutazama simu saa tatu mfululizo hakumo, na wala msinibishie; ukiiweka chini simu hakuna ulichokitengeneza, na wasiwasi wako umepata picha za kujilinganisha nazo.

Nilikuwa na mwanafunzi, msichana, alimaliza kama nyinyi. Siku za kungoja matokeo mama yake alikuja kwangu: mwalimu, mtoto analia kila siku, hajui analia nini. Sikuwa na la kumwambia wakati ule, kisa changu cha ukili kilikuwa bado hakijanifika. Alijipatia dawa mwenyewe. Akachukua mlango wa zamani uliotupwa, akaupaka masizi ya sufuria na utomvu, akausimamisha chini ya mwembe, akawa anasomesha watoto wa jirani herufi. Chaki aliomba skuli. Kila jioni anabuni wimbo wa kuhesabu, kesho yake wanauimba. Nilipita siku moja nikakuta watoto wanaimba kutoa na kujumlisha kwa mdundo wa beni, nikasimama na baiskeli yangu nikasahau nilikuwa naenda wapi.

Matokeo yalipotoka hayakuwa mazuri. Najua mlitarajia niseme alipata alama za juu, hakupata. Alilia siku mbili, ya tatu watoto wakaja chini ya mwembe wakamkuta hajafuta ubao. Akatoka akaufuta. Leo ana skuli yake ndogo ya maandalizi, si tajiri, na ule mlango bado anao.

Neno la mwisho kwa wazee. Mtoto wako akishaanza kutengeneza kitu na akakipenda, usikimbilie kumtafutia wateja. Nimeona mengi. Msichana anashona vizuri, mama anatangaza mtaa mzima, kabla ya wiki mbili ana oda kumi na tano za Iddi, na sasa analia kwa ajili ya oda. Riziki ni njema, sikatai, tena Mungu aiongeze. Lakini mwachieni kitu kimoja kisichokuwa na bei. Wahenga wametuambia usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa, ule wa kulalia mwenyewe.

Na mimi wangu nimekuja nao. Uko pale kwenye meza, chini ya yale maua ya plastiki. Mwalimu mkuu ameuzungusha kwa heshima kama zulia, hajui ni kitu gani. Mkimaliza kula piteni mkautazame. Ni mdogo, pima nane hazitoi mkeka mkubwa. Anzeni katikati. Ukili wa pale umebana kama kamba ya kufungia ng'ombe. Hizo ni siku za mwanzo, ilikuwa mikono inakamata kitu ili isitetemeke. Kuna mahali utaona ua limepinda, hapo nilishindwa kufumua kwa sababu taa ilizimika. Mkienda nje kidogo kidogo mtaona unalegea, unakuwa sawa, miyaa myekundu inaanza kuingia, maana bibi aliniletea rangi. Na kwenye ukingo wa mwisho, upande wa kushoto, kuna pahala miyaa mitatu imeachiwa ghafla, haikuingizwa ndani. Hapo ndipo simu ilipolia. Sikupatengeneza.

Naona wapishi wananyanyua masufuria, na yule kijana wa pili pale amepiga miayo ya tatu. Mlangoni kuna pakacha, nimetia miyaa iliyokwisha kuchanwa, kila mmoja fungu lake. Wasiojua kuanza, yule bibi yumo ukumbini, amekaa nyuma kabisa karibu na dirisha, na miwani hakuivaa. Mwendeeni.